Goti la Kutiwa Upepo

Jilala alikuwa na goti moja la kumtii na moja la kumkomoa. Lile la kushoto lilivimba tangu masika ya mwaka uliopita, likapungua, likarudi, likapungua tena, likarudi na ndugu zake, mpaka mkewe Koleta akaanza kuliita mgeni. Kwa mtu wa kukaa dukani lisingekuwa jambo la kumnyima usingizi. Lakini Jilala alikuwa mrina asali, na mrina asali asiyeweza kukunja goti kazi yake ni kusimama chini ya mti na kuangalia wenzake wakipanda. Msimu mzima uliopita alikuwa ameifanya kazi hiyo, kuwasha moshi na kupokea ndoo, na hakuona adhabu iliyopita ile.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Serikali ilipowahamisha kutoka kwenye mashamba yao yaliyotawanyika na kuwapanga kwenye kijiji cha ujamaa, kando ya njia ya Sikonge, nyumba kwa mstari kama askari, wengi walinuna. Jilala aliangalia tu umbali kutoka mlango wake mpya hadi msituni, akaona si mbaya, akaezeka. Mizinga yake ilikuwa kule kule juu ya miyombo, na nyuki hawakuhamishwa na mtu. Alikuwa na mke anayecheka, paa lisilovuja, na msitu. Alijiona tajiri, na sioni wa kumbishia.

Lakini sasa Mwenyekiti Anton, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameanza kuliangalia lile goti na kusema kwamba stoo ya kijiji inahitaji mtu mzima, mwaminifu, wa kukaa. Jilala alilisikia hilo neno “kukaa” likamkaa rohoni. Wiki ile ile akadandia lori la tumbaku kwenda hospitali, Tabora mjini.

Mtu wa eksirei pale hospitali aliitwa Damas, na Damas alikuwa Mgogo. Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Asiyejua utani wa Wanyamwezi na Wagogo aambiwe kwa ufupi. Enzi za misafara, babu zake Jilala walibeba pembe kutoka Tabora kwenda pwani, na njia ilipita Ugogo, ambako babu zake Damas walikalia visima na kudai hongo kwa kila kibuyu cha maji. Wakagombana, wakapatana, wakafikia kuzikana. Tangu hapo Mnyamwezi na Mgogo wakikutana hakuna cha shikamoo wala marahaba, hata mmoja akiwa na mvi za kutosha kuwa baba wa mwenzake. Wanatukanana, na anayekasirika ndiye anayepata aibu.

“Jina?” aliuliza Damas siku ya kwanza.

“Jilala.”

“Kabila usinitajie, mabega yamekwisha kusema. Mpagazi.”

“Na wewe pua yako imesema. Mwuza maji. Leo unadai hongo ya nini, ya mwanga?”

Wakapendana hapo hapo. Damas, kijana wa miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye koti jeupe lililomfupia mikono, akamlaza Jilala juu ya meza, akalinyoosha goti, akasogeza lile limashine. Kisha akamwambia kwa uso mkavu apanue mdomo na auache wazi, ili mwanga ukishapita gotini upate mahali pa kutokea. Jilala akapanua. Akakaa na mdomo wazi mpaka picha ikaisha, na mpaka Damas alipomwita muuguzi aje kuangalia, na muuguzi akaita mwenzake. Jilala alipogundua, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Lakini aliapa moyoni kwamba Mgogo yule hatampata tena.

Daktari wa zamu aliiweka ile picha kwenye taa akamwonyesha. Mifupa ilionekana myeupe na mizuri, ila pembeni yake kulikuwa na kivuli kizito cha uvimbe.

“Picha hii inaona mifupa, mzee wangu. Ninachokitafuta mimi ni utando unaolizunguka goti kwa ndani, na huo haujitokezi hapa. Utando wako umewaka, hilo nalijua kwa kulishika. Nisilolijua ni kama ugonjwa umebaki kwenye utando au umekwisha kuanza kula gegedu, ile nyama ngumu na laini inayofunika ncha za mifupa, na mfupa wenyewe.”

“Kuna tofauti?”

“Kubwa. Ukibaki kwenye utando, tutautibu, na goti litakunjika. Ukishakula mfupa, itabidi tuunyooshe mguu na kuufunga mpaka mifupa ishikane. Maumivu yataisha, lakini hautakunjika tena maisha.” Daktari akaiona sura ya mgonjwa wake ikibadilika, akaongeza haraka, “Bingwa wa mifupa anakuja wiki hii. Yeye ndiye atakayeamua. Damas atakueleza siku na namna ya kujiandaa.”

Daktari alikuwa mtu makini, lakini alikuwa mgeni wa mkoa ule. Angekuwa mwenyeji asingemtuma Mgogo kumweleza Mnyamwezi jambo la maana.

Damas alimweleza yote, tena kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Aje Alhamisi saa mbili asubuhi. Asipake dawa yoyote gotini. Bingwa atachoma sindano, atatoa maji yote yaliyomo, halafu atalijaza goti upepo, ndipo picha ipigwe.

“Upepo,” alisema Jilala.

“Upepo. Hewa. Hii hii tunayovuta.”

“Kama tairi.”

“Ndiyo, kama tairi,” alijibu Damas, ambaye hakuona ubaya wowote katika mfano huo.

Jilala alimtazama kwa huruma. Mara ya kwanza alikuwa amepanuliwa mdomo. Sasa walitaka kumtia pampu. Akamwambia, “Sawa, Mgogo, nitakuja na mguu wangu na kiraka,” akaondoka akichechemea na kucheka peke yake mpaka mtaa wa Gongoni.

Huko Gongoni alikuwa amefikia kwa Bi Nunu, mjane wa Kiarabu ambaye marehemu mumewe alinunua asali na nta za Jilala miaka mingi kabla ya biashara hiyo kuingia mikononi mwa ushirika. Asali ilikuwa haipiti tena mlangoni kwake, lakini urafiki ulibaki, na kitanda cha wageni uani kilikuwa kama cha Jilala. Bi Nunu alipoisikia habari ya goti kujazwa upepo, alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Mgogo huyo mbaya! Na ukienda utawakuta wamejipanga mlangoni wanakungoja. Kaka Jilala, usikubali.”

“Nikubali nini? Bingwa si anakuja kuangalia picha? Picha wanayo. Nitarudi mwezi ujao kusikia jibu.”

Ndiyo hesabu aliyoipiga, na ilikuwa na akili yake. Bi Nunu akaenda kwenye chumba cha nyuma akatoka na pampu ya baiskeli ya marehemu. Alhamisi asubuhi Jilala akaipeleka hospitali, akamwachia mlinzi wa getini pamoja na ujumbe: mpe Damas wa eksirei, mwambie ajijaze yeye kichwa, maana kinapungua. Kisha akapanda lori la kwenda kwao, akiwa na furaha kama mtu aliyeuza vizuri.

Kijijini hadithi ilimtangulia kila alipokwenda. Koleta alimfanya airudie mara mbili wakati akisonga ugali. Hata Mwenyekiti Anton, mtu wa mikutano, alifuta machozi. Usiku ule Jilala alilala vizuri, goti likimpwita kidogo tu.

Ijumaa mchana, jua limesimama, baiskeli ikaonekana njiani ikitoka upande wa mjini. Mpanda baiskeli alikuwa ametapakaa vumbi jekundu kuanzia kwenye nyusi, na kwenye fremu ya baiskeli kulikuwa na pampu imefungwa kwa kipande cha bandeji. Koleta ndiye aliyemtambua kwa kusimuliwa.

“Baba! Mgogo wako huyu hapa! Kaja kudai hongo!”

Watu wakatoka majumbani. Mtani amefika, tena kwa miguu yake mwenyewe. Zawadi ya namna hiyo haiji kila siku. Mmoja alimnyang’anya kofia, mwingine akamwuliza kama huko kwao mvua imesikia kwamba kuna watu, bibi mmoja akamletea maji kwenye kifuniko cha chupa akamwambia alipe kwanza. Damas aliyanywa yale maji kidogo akasema, “Nimekuja kumchukua Jilala. Bingwa anaondoka kesho na treni.”

Watu wakacheka.

“Sikilizeni. Jana bingwa alimngoja. Goti lake lazima litiwe upepo.”

Alipofika kwenye “upepo” kijiji kizima kikavunjika mbavu. Mwenyekiti Anton alijishika mtini. Jilala, juu ya kigoda chake, mguu umenyooshwa, aliona hajawahi kupata mtani wa kiwango kile, mtu wa kupanda baiskeli nusu siku kwenye mchanga ili tu asikubali kushindwa.

“Mgogo, umeshinda,” alisema. “Kaa ule. Njaa ya kwenu tunaijua.”

Damas hakukaa. Alieleza tena, kwa sauti ya chini, na walicheka tena. Alipandisha sauti, na walicheka zaidi, kwa sababu Mgogo aliyekasirika ni mtamu kuliko Mgogo anayetania. Kila neno la kweli alilolitoa kinywani lilianguka masikioni mwao likiwa mzaha. Akamwangalia mzee yule mwenye goti kama boga, anayefurahi, na ambaye kesho jioni angekuwa amechelewa.

Kisha akavua koti lake, akalikunja, akaliweka juu ya baiskeli. Akamsogelea Jilala, akainamisha kichwa, akasema:

“Shikamoo, baba.”

Kicheko kilikatika. Jilala alisubiri sehemu ya pili, ile ya kuchekesha. Haikuja. Damas alikuwa amebaki ameinama vile vile, akingoja jibu, kama kijana yeyote mwenye adabu mbele ya mtu mzima.

“Mara...” Jilala alianza. “Marahaba.”

Hofu aliyoipata hajawahi kuipata juu ya mti wowote. Mgogo amemwamkia. Mtani hamwamkii mtani. Akifikia kumwamkia, basi utani umekwisha na kilichobaki ni kikubwa kuliko wao wawili. Koleta naye alielewa, maana aliacha mwiko akaja kusimama nyuma ya mumewe, mkono begani.

“Baba,” alisema Damas, “mdomo ule ulikuwa utani, na ninakuomba radhi kwa huo. Huu upepo si utani. Twende.”

Siku ile hapakuwa na lori. Mguu wa Jilala haukuweza kuzungusha pedali, kwa hiyo alipakiwa kwenye keria, mguu mbovu umefungwa kwenye ubao usining’inie, na Damas akakamata usukani. Koleta alisema atafuata asubuhi na lori la tumbaku. Kijiji kikatoka kuwasindikiza. Mgogo alikuwa anambeba Mnyamwezi kwenye njia ya misafara, kitu ambacho babu zao wote wawili wangelipia ili wakione, na hakuna aliyethubutu kukitaja.

Njia ilikuwa mchanga mtupu, joto la mwezi wa kumi likiwaka. Penye mlima Damas alishuka akasukuma. Gurudumu la nyuma lilipopungua, aliifungua ile pampu ya Bi Nunu akapiga upepo, Jilala amekaa kando kwenye kisiki akiangalia. Ilikuwa nafasi nzuri sana ya maneno. Hakuna aliyesema kitu.

“Nieleze basi,” alisema Jilala walipoondoka tena. “Kwa nini upepo?”

Damas alieleza huku akihema. Mwanga wa eksirei mfupa unauzuia, ndiyo maana unatoka mweupe. Maji na nyama na utando vyote huupunguza karibu sawasawa, kwa hiyo vinaonekana kivuli kimoja, huwezi kujua kipi ni kipi. Lakini hewa haizuii chochote; inatoka nyeusi. Ukitoa maji ukaweka hewa, basi kila kinachogusana na hewa kinachorwa ukingo wake: utando ulivyovimba, mikunjo yake, na gegedu kama ni laini au limeliwa.

“Na wewe ukiiona hiyo picha utajua?”

“Nimeziona nyingi. Nitajua.”

“Utaniambia?”

“Siruhusiwi, baba. Picha anaisoma daktari. Mimi nikitangulia kusema, nafukuzwa.”

Hilo “baba” lilikuwa linamchoma Jilala kuliko goti. Walipokaribia mjini, mabati ya kwanza yakionekana, alishindwa kuvumilia.

“Mgogo.”

“Naam, baba.”

“Nitukane. Hata kidogo tu.”

Damas alikaza pedali. “Siwezi,” alisema. “Mpaka nijue.”

Asubuhi ya Jumamosi bingwa, mtu mfupi mwenye miwani na saa ya mfukoni aliyoitazama mara kwa mara kwa sababu ya treni, hakugomba hata neno. Alisafisha goti, akachoma ganzi, kisha sindano nene. Maji ya njano yalitoka, yakaendelea kutoka, na Jilala akashangaa kwamba alikuwa anatembea na kisima chake mwenyewe. Kisha bingwa akavuta bomba la sindano tupu, lililojaa hewa ya chumba kile, akaisukuma ndani polepole. Goti likaumuka. Bingwa alipolikunja taratibu ili hewa ienee, lilitoa mlio kama wa kiatu kwenye tope, na Jilala, pamoja na hofu yake yote, alitaka kucheka na hakuwa na wa kucheka naye. Damas alikuwa nyuma ya mashine, uso hauna kitu.

“Tulia hapo, baba. Usipumue.”

Picha ikapigwa upande, ikapigwa mbele. Damas akazichukua, akaingia kwenye chumba cha giza, akafunga mlango.

Jilala alilala akitazama dari. Alifikiria stoo ya kijiji, magunia, na mguu mmoja umenyooka mbele yake kama mpini wa jembe mpaka siku ya kuzikwa. Alifikiria myombo mmoja mkubwa wenye mzinga wa gome, ule alioutundika mwaka aliomwoa Koleta, na jinsi mtu akifika juu anavyouona msitu wote bila mwisho. Aliupenda ule mti. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu nani anayesema anapenda mti.

Mlango ukafunguliwa. Damas akatoka na filamu mbichi zikidondosha maji, ameziinua juu. Jilala aliutafuta uso wake, lakini uso ulikuwa umeelekea kwa bingwa. Alipita kando ya meza bila kumwangalia. Akazikabidhi filamu. Kisha, bila hata kugeuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje:

“Na huyu mpagazi nani kamwachia alale kwenye meza ya serikali kama kwa mama yake? Inuka hapo, punda wa Mwarabu! Unanukia moshi mpaka mashine yangu inakohoa!”

Bingwa alishtuka, akamtazama Damas juu ya miwani. Lakini Jilala alikuwa amekwisha kufumba macho, na machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni, na alikuwa anacheka, na goti lilikuwa linaitikia.

Bingwa akaziweka filamu kwenye taa akamwita aone. Akamwonyesha weusi wa hewa, na ndani yake ule utando, mnene, wenye vinyama vilivyojikunja, umevimba kweli kweli, hakuna wa kuuficha. Kisha akapitisha kidole kwenye mstari laini juu ya mfupa. Gegedu zima. Hakuna kilicholiwa. Maji yatapimwa, sindano ya dawa itaingizwa mle mle gotini, mguu upumzike mpaka masika yaishe. Alisema mengine pia, lakini Jilala alikuwa ameacha kusikiliza. Akaomba fimbo yake akatoka.

Koleta alikuwa barazani, amefika sasa hivi, vumbi la lori bado liko kwenye kanga. Alisimama haraka.

“Daktari kasemaje?”

“Kasema mengi. Utando, gegedu, sindano. Mengi.”

“Mguu je? Jilala, mguu je?”

Alitaka kumjibu vizuri, kwa mpangilio, kama mtu mzima. Badala yake akaiegemeza fimbo ukutani. Akamshika mkono.

“Yule Mgogo,” alisema, “kanitukana.”

Koleta akakaa chini pale pale kwenye saruji, akajifunika kanga usoni, akaangua kilio, na wagonjwa wote waliokuwa kwenye benchi, wakidhani kafiwa, wakaanza kumpa pole.